Mwezi kwanza, wekundu baadaye

Ukiniletea andiko la zamani linalosema anga liliwaka wekundu usiku, nitakuuliza tarehe kabla ya kitu kingine. Nikiipata, napiga hesabu: mwezi ulikuwa na siku ngapi, ukachomoza saa ngapi? Hapa Dodoma, mwisho wa kiangazi, moto wa nyika na vumbi hupaka upeo wekundu unaoweza kumdanganya mtu makini kabisa. Nikikuta giza halikuwa na mwezi, jua lilishazama saa nyingi, na mtu wa nchi nyingine aliandika jambo lile lile usiku ule ule, hapo naanza kuamini kwamba ni aurora, yaani mwanga wa angani unaowashwa na chembe zinazotoka kwenye jua.

Kumbukumbu ninayoipenda kuliko zote ni ya Babeli. Kigae cha udongo cha mwaka wa 37 wa Nebukadreza II kinasema usiku wa tarehe 29 wekundu uliwaka upande wa magharibi. Mwezi wao ulianza hilali ilipoandama, kwa hiyo tarehe 29 ni giza tupu. Kigae hicho hicho kinataja mahali pa mwezi na sayari, ndiyo maana tunaweza kusema bila kusita: usiku wa kuamkia 13 Machi 567 KK.

Rangi nayo ni ushahidi. Oksijeni iliyo zaidi ya kilomita 200 juu hutoa mwanga mwekundu, na kwa kuwa iko juu sana, huonekana na watu walio mbali mno na ncha za Dunia. Ndiyo maana maandishi ya nchi za joto hutaja wekundu, mara chache kijani.

Miti huongezea pale waandishi waliponyamaza. Mwaka 2012 Fusa Miyake na wenzake walionyesha kaboni-14, aina ya kaboni inayoongezeka hewani chembe za jua zinapofika kwa wingi, iliyoruka ghafla katika pete za mierezi ya Japani za 774 na 775. Mruko mwingine ni wa karibu 660 KK, kipindi ambacho Waashuru nao waliandika habari za anga jekundu.

Na sisi huku kati? Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walikatiza Ugogo mwishoni mwa 1858, wakaondoka Zanzibar Machi 1859. Dhoruba kubwa ya jua, iitwayo ya Carrington, ikapiga Septemba, wao wameshaenda zao. Inaniuma, kwa sababu Septemba anga letu halina mawingu mengi. Tarehe 4 Februari 1872 aurora ilionekana hadi Bombay na Khartoum, na Livingstone na Stanley walikuwa njiani kutoka Ujiji kwenda Unyanyembe. Mwezi ulikuwa mwembamba, unachomoza alfajiri. Tatizo ni mawingu ya masika.

Tumaini langu liko Mpwapwa, ambako wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walikuwepo tangu miaka ya 1870. Nawatuma wanafunzi wangu kwenye shajara na barua za wamisionari hao, watafute usiku wa 17 Novemba 1882, dhoruba ya jua iliyotikisa simu za maandishi (telegrafu) Marekani. Mwezi ulikuwa robo ya kwanza, ukazama karibu na usiku wa manane, na Novemba mvua kwa kawaida hazijakolea. Watazame kusini, maana huko ndiko wekundu ungetokea kwetu. Wakikuta mtu ameandika kwamba usiku ule nyota zilionekana vizuri na hakutaja kingine, wanakili hilo pia, pamoja na saa: linatupa mpaka ambao aurora haikuuvuka.