Zawadi ya wiski: acheni kununua namba

Mteja akiingia dukani kutafuta wiski ya zawadi, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: "Ipi ina miaka mingi?" Haulizi kama baba mkwe wake anapenda moshi au utamu. Hata anachokunywa mzee siku zote hakijui. Anataka namba: 12, 15, 18, na mfuko ukiruhusu, 21. Wengine huishika chupa, wakageuza lebo wakiitafuta, na wasipoiona huirudisha kwenye rafu kama vile wamekuta kasoro.

"Miaka mingi ndiyo wiski nzuri"

Hapana. Namba ile inakwambia jambo moja tu: wiski changa kuliko zote zilizomo humo imekaa kwenye pipa la mwaloni angalau miaka hiyo. Mtengenezaji wa Scotland akichanganya wiski ya miaka 30 na kijiko kimoja cha wiski ya miaka 12, kisha akataka kuandika umri, sheria inamlazimu aandike 12. Kuhusu pipa lenyewe lebo inaweza kunyamaza kabisa, na pipa ndilo linaloleta sehemu kubwa ya ladha unayoisikia mdomoni.

Bourbon, wiski ya Marekani, kisheria hulazwa kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani. Ikishatoka, mapipa hayo mengi huuzwa Scotland. Pipa likijazwa mara ya kwanza kule, bado lina vanila na utamu wa kutosha. Likijazwa mara ya tatu au ya nne limechoka. Unaweza kulaza wiski humo miaka 18 ikatoka nyepesi kuliko ya miaka 10 iliyolala kwenye pipa zuri lililokuwa na sheri, aina ya divai ya Hispania. Na hata pipa likiwa zuri, muda ukipita kiasi mbao hutawala. Ni sawa na chai iliyosahauliwa jikoni na majani yake: rangi imekolea, lakini ukakasi umefunika kila kitu.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Kwenye maghala ya Scotland, pipa hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza. Bangalore nchini India, wanakotengeneza wiski ya Amrut, joto huchukua zaidi ya asilimia 10. Wakiiacha miaka 18 watakuta pipa karibu tupu. Joto hilo hilo huharakisha kazi ya mbao, ndiyo maana wanaitoa mapema na inakuwa tayari. Kiwanda cha Kavalan cha Taiwan kilianza kutengeneza wiski mwaka 2006. Mwaka 2015, wiski yao ya Solist Vinho Barrique ilitajwa kuwa singo molti (wiski ya kimea cha shayiri ya kiwanda kimoja) bora duniani kwenye tuzo za World Whiskies Awards. Kiwanda chenyewe kilikuwa hakijafikisha miaka 10!

Kwa hiyo unapolipia 21, unalipia ghala, kiasi kilichovukiza, na uhaba. Hayo yana thamani yake, lakini hayakuhakikishii ladha. Tazama Blue Label ya Johnnie Walker, chupa inayopewa heshima kuliko nyingi hapa kwetu. Haina namba ya umri, na watu wale wale wanaodai miaka huinunua bila kuuliza.

Mtoto wa dhana hii ndiye anayeniumiza zaidi. Mama mmoja aliniletea chupa ya miaka 12 aliyoitunza kabatini tangu arusi yake, akitaka kumpa kaka yake anayestaafu. Aliamini sasa imefika zaidi ya 30. Alikuwa ameilaza kama divai. Kizibo kilikuwa kimeliwa na pombe, kikaanza kumeguka mara tu nilipokigusa, na wiski ilikuwa imeshuka chini ya mabega ya chupa. Ilinisikitisha kweli, kwa sababu aliitunza kwa mapenzi. Wiski ikishaingia kwenye chupa, haikui tena. Iliyotoka pipani na miaka 12 itabaki ya miaka 12 hata wajukuu waikute. Isimamishe wima, mbali na dirisha na joto la jiko. Ikishafunguliwa na kubaki robo, malizeni, maana hewa inaidhoofisha.

"Iliyokolea rangi ndiyo kali, tena ya zamani"

Scotland inaruhusu kutia rangi ya karameli, na viwanda vingi hutia. Ukali uko kwenye asilimia iliyoandikwa: haipungui 40 kwa wiski ya Scotland. Soma hiyo.

"Blendi ni ya watu wa kawaida, mheshimiwa apewe singo molti"

Singo molti maana yake ni kimea cha shayiri kutoka kiwanda kimoja, basi. Zipo mbovu. Blendi, yaani wiski zilizochanganywa kutoka viwanda mbalimbali, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mauzo ya Scotland, na kuzichanganya vizuri ni ufundi wa maisha. Usimnunulie mtu singo molti ya Islay, kisiwa cha Scotland, kama Laphroaig au Ardbeg, eti kwa sababu umesikia ni ya mabingwa. Shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa piti, ule udongo wa mimea iliyooza, na asiyeizoea atakwambia inanuka dawa ya hospitali. Chupa itakaa mpaka ichakae.

"Akitia soda au barafu ameiharibu"

Ni yake. Ukishaitoa, mwache ainywe anavyopenda. Wajapani wenyewe, wenye wiski zinazosifiwa kote, hutia soda bila aibu.

"Nimeipata kwa nusu bei, bahati yangu"

Hili ni la hatari, msilichukulie kirahisi. Chupa tupu za majina makubwa hukusanywa na kujazwa upya, na hujui kilichomo. Angalia stempu ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na uihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu. Kagua kifuniko kama kimewahi kufunguliwa. Usinunue zawadi kwa mtu aliyekupigia simu akidai ana mzigo wa haraka.

Ninachowashauri wote ni kuuliza nyumbani kwake. Mke au mtoto atakwambia mzee ana chupa gani kabatini, na mimi nikishaijua naweza kukupandisha ngazi moja kutoka hapo. Anakunywa Black Label? Mpelekee Green Label: bado yuko kwa Johnnie Walker, lakini hii ni kimea kitupu. Anapenda Jameson? Redbreast 12, ukiipata, inatoka kiwanda kile kile cha Midleton huko Ireland na ina unono zaidi. Mtu wa Jack Daniel's atafurahia Single Barrel yao kuliko chupa yoyote ya Scotland utakayomchagulia kwa kubahatisha. Na kabla ya yote, hakikisha bado anakunywa. Wengi wameacha kwa sababu ya presha au dini, na hawatangazi.