Kutoisha kwa pai si ajabu, ajabu ni kutojirudia

Nafundisha hesabu katika sekondari hapa Kisumu, na tukifika kwenye duara na pai, yaani mzingo ukigawanywa kwa kipenyo, sikosi kuulizwa: "Mwalimu, kama pai haiishi, mzingo wa duara unaishaje?" Unaisha bila taabu. Pai imepita 3 na haifiki 4, wala haikui. Kisicho na mwisho ni mfuatano wa tarakimu zake tu.

Tena hilo si la pai peke yake. 1/3 ni 0.333… hadi kiama. Hata 22/7, ambayo karatasi za mtihani hutuamuru tuitumie, ukiigawanya unapata 3.142857142857…, nayo haikomi. Ila hii inajirudia, na hapo ndipo penye utamu. Ukigawanya kwa 7, baki haliwezi kuwa jingine ila 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Likiwa 0, kazi imekwisha. Basi baada ya hatua sita, ya saba sharti ikuletee baki ulilokwisha kukutana nalo, na kuanzia hapo hesabu inapita njia ile ile. Weka 113 au milioni badala ya 7, hoja haibadiliki. Kila sehemu ya nambari nzima mbili, kama 22/7, ama hukoma, ama hujirudia. Na kinyume chake ni kweli: kila desimali inayokoma au kujirudia ni sehemu.

Pai haikomi wala haijirudii. Mwanahisabati Johann Lambert alilithibitisha hilo mwaka 1761, bila kuhesabu tarakimu hata moja. Alionyesha kwamba pembe ikipimwa kwa radiani (kipimo ambacho nyuzi 180 ni pai) na ikawa sehemu isiyo sifuri, tanjenti yake (katika pembetatu yenye pembe mraba, upande unaoikabili pembe ukigawanywa kwa upande mfupi ulio kando yake) haiwezi kuwa sehemu. Sasa, tanjenti ya nyuzi 45, yaani pai/4, ni 1, na 1 ni sehemu: 1/1. Kwa hiyo pai/4 si sehemu, na pai vilevile. Mwaka 2022 Emma Haruka Iwao wa Google alifikisha tarakimu trilioni 100. Kazi kubwa, lakini haiongezi chochote kwenye uthibitisho huo.

Fundi wa jua kali pale Kibuye hana haja na hayo yote. Tangi la kipenyo cha mita 1.4 likipigiwa hesabu kwa 22/7, anakata bati la mita 4.4. Kosa halifiki milimita 2. (Watunga mitihani nao hupenda 7, 14 na 21 ili wanafunzi wakate juu na chini haraka. Ndiyo maana wengi humaliza shule wakiapa kwamba pai ni 22/7.)

Kinachonikera ni ujumbe unaozunguka WhatsApp kwamba, kwa kuwa pai haijirudii, basi kila tarehe na kila nambari ya simu imo ndani yake. Huenda imo, lakini hakuna aliyethibitisha, na kutojirudia hakutoshi. Tazama 0.101001000100001…, ambapo kila mara tunaongeza sifuri moja. Haijirudii kamwe, na 5 huioni humo hata ukitafuta mwaka mzima.