Huyo mtoto hatoi mionzi

Juzi tena, Ngamiani, hapa Tanga. Mtoto karudi kutoka India, katolewa uvimbe tumboni na kupigwa mionzi hukohuko kwenye meza ya upasuaji, tumbo likiwa wazi. Nyumbani nakuta kawekewa sahani yake, kikombe chake, na godoro pembeni. Shangazi mjamzito kahamishiwa Makorora asije akapata miali. Jamani! Nimechoka kulijibu hili sebule kwa sebule.

Saratani haiambukizi kwa sahani. Hilo nalipita.

Mionzi hiyo hupigwa mezani kwa sababu uvimbe kama neuroblastoma (saratani ya neva za watoto) au sarkoma (saratani ya mifupa, misuli na nyama) unaweza kutolewa ukabakiza chembe zilizoshikamana na mshipa mkubwa wa damu, jicho lisizione. Daktari anausogeza utumbo, anakinga viungo vya jirani kwa madini ya risasi, anaelekeza bomba la mashine palepale penye shaka. Dozi ni moja. Kwa watoto mara nyingi grei (kipimo cha mionzi) 10 hadi 12, dakika chache tu. Sisi wahudumu wote tunatoka, mtoa usingizi anamfuatilia mtoto kupitia kamera.

"Mbona nyinyi mnakimbia?" Tunakimbia mashine iliyowashwa. Ikizimwa tunarudi, tunamshika mtoto, anashonwa. Mashine hiyo hurusha elektroni, chembechembe ndogo mno, nazo zinaishia sentimita chache ndani ya nyama, basi. Tanga tunajiita waja leo waondoka leo, ingawa wageni wetu hawaondoki. Elektroni ndizo zinazolitii jina. Mionzi ya nje, ile ya mashine inayopigwa kupitia ngozi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni vilevile: mashine ikinyamaza, mwilini hakuna kitu.

Lakini wapo wenzangu wanaowaambia wazazi kwamba hakuna mgonjwa wa mionzi anayetoa mionzi. Hapo ndipo ninapokwaruzana nao, maana si kweli. Kuna tiba ambayo mionzi huingia mwilini kama dawa. Iodini 131 hunywewa kwa saratani ya tezi ya shingo. Ikiunganishwa na MIBG, kemikali inayonaswa na uvimbe huo, hudungwa mshipani kwa watoto wenye neuroblastoma. Mtoto huyo hutoa mionzi kwa siku kadhaa, mkojo wake pia, na mjamzito kweli akae mbali mpaka hospitali iseme. Halafu kuna iridiamu 192, madini yanayotoa mionzi, inayowachanganya hata wauguzi: punje yake huingizwa kwa mrija hadi kwenye jeraha, hukaa dakika kadhaa, kisha hurudi kwenye kasha lake. Ikisharudi, mtoto hana kitu. Kwa hiyo msiulize tu kama kapigwa mionzi. Ulizeni: ni mashine, ni punje, au ni dawa?

Je, mionzi ya mezani inaokoa kuliko ile ya kawaida? Siwezi kuapa. Tunachojua kwa watoto kimetoka zaidi kwenye kumbukumbu za hospitali moja moja, na wengi wao walipata pia kemo (dawa za saratani) na mionzi ya nje. Nani akutenganishie kipi kimeponya?

Nina hofu pia. Grei 10 za mkupuo mmoja huumiza kuliko 10 zilizogawanywa kwa siku nyingi. Neva zinaweza kudhurika, mrija wa figo ukabanwa, mfupa unaokua ukadumaa na mgongo ukapinda miaka baadaye. Shangazi akitaka la kuhangaikia, aangalie mguu unaokufa ganzi na asiache mtoto akose kliniki. Na ile karatasi ya hospitali yenye dozi na mahali palipopigwa isifungiwe maandazi. Daktari atakayemwona akiwa na miaka 15 ataiulizia.