Huruma unayo, lakini ripoti ya mahakamani utaiandikaje?

Kila chuo hapa Dar kikibandika tangazo la kutafuta walimu wa muda wa ustawi wa jamii, simu yangu mimi, mwalimu wa muda wa somo hilo, inajaa ujumbe unaofanana. "Dada, mimi nina uzamili wa sosholojia, ustawi si ni kusaidia watu tu? Hebu niunganishe." Wa wiki iliyopita aliongeza kwamba vipindi vyenyewe ni viwili kwa wiki, unaongea kidogo, unaondoka na hela yako. Nimeshawajibu wengi mmoja mmoja, na nimechoka kurudia. Naandika hapa mara moja ili mwingine akiuliza nimtumie kiungo.

Nianze na jambo la kupita haraka. Afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii ni watu wawili tofauti. Tangu Januari 2022 wote wako chini ya wizara moja, ile ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na kwenye halmashauri nyingi milango yao inatazamana, kwa hiyo naelewa watu wanakochanganyikia. Wa maendeleo utamkuta na vikundi, na mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wa ustawi ana faili la mtu mmoja mezani: mtoto aliyetelekezwa, mama anayedai matunzo, mgonjwa aliyeshindwa kulipia matibabu, kijana aliyekamatwa na polisi. Nchi hii ilianzisha taasisi nzima pale Kijitonyama mwaka 1973 kwa ajili ya kufundisha kazi hiyo. Ingekuwa ni moyo mwema tu, ingetosha misikiti na makanisa.

Sasa huyu afisa ustawi anaamua. Hapo ndipo wenye sosholojia zao hawanisikii. Sosholojia itakueleza kwa nini familia za Mbagala zinavunjika. Afisa ustawi ana familia moja ya Mbagala mbele yake, saa tano asubuhi, baba na mama hawatazamani, mtoto amekaa katikati, na kabla ya saa sita lazima iandikwe kitu kitakachobadilisha mahali mtoto huyo atakapolala. Hana ushahidi kamili wala hatakuwa nao. Kumfundisha mtu kuamua vizuri katika hali hiyo, bila kukimbilia na bila kuogopa, ndiyo kazi yetu.

Niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka afisa ustawi awepo mahakama ya watoto inapoketi, kama ile ya Kisutu, na hakimu hutegemea taarifa yake ya uchunguzi wa kijamii. Wanafunzi wangu hujifunza kuandika taarifa hizo. Rasimu moja ya mwaka wa pili, kuhusu mvulana wa miaka 14 aliyeshikwa na simu ya wizi, ilikuwa na sentensi tatu kwenye sehemu ya familia: "Mtoto anatoka familia isiyo na maadili. Mama ni mlevi. Inapendekezwa apelekwe shule ya maadilisho."

Nilikaa na binti aliyeiandika. Nani kakwambia mama ni mlevi? Jirani. Jirani huyo na mama wanaelewana? Hakujua. Mama mwenyewe umeongea naye? Alienda, hakumkuta. Anakunywa lini, na siku akinywa mtoto anakula kwa nani? Kimya. Shule ya maadilisho, ile ya kurekebisha watoto waliovunja sheria, iko wapi? Irambo, Mbeya. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 800. Kwa maneno ya jirani mmoja, mtoto wa Temeke angepelekwa mahali ambapo mama yake hana nauli ya kwenda kumwona.

Alirudi mtaani. Rasimu ya pili ilisema hivi: jirani mmoja ameeleza kuwa mama hunywa pombe, mama amepatikana, amekiri kunywa siku za mwisho wa wiki, mtoto hula kwa shangazi yake wa Yombo, ambaye yuko tayari kukaa naye wakati shauri likiendelea, mwalimu wa darasa anasema mahudhurio yalikuwa mazuri hadi mwezi mama alipofukuzwa kwenye kibanda chake cha biashara. Mapendekezo yakabadilika yenyewe, sikuyagusa. Kifungu cha 4 cha sheria ile kinasema maslahi bora ya mtoto ndiyo yatangulie, na kila mwanafunzi anakikariri kwenye madesa. Kukikariri ni dakika tano. Kufika kwa shangazi wa Yombo ndiyo shahada yenyewe.

Huruma yule binti alikuwa nayo tangu rasimu ya kwanza. Alilia aliponieleza habari za mtoto. Huruma ndiyo iliyomfanya atake kumwondoa haraka kwenye ile nyumba.

Turudi kwenye vile vipindi viwili na hela yake, yaani mkataba. Mwalimu wa muda hupewa barua ya semista, na kwenye barua hiyo kinachohesabiwa ni saa za kusimama mbele ya darasa. Kusahihisha kuna vyuo wanalipa kwa idadi ya karatasi, kuna vyuo wanasema imo humohumo. Malipo mara nyingi hutoka baada ya kuwasilisha matokeo, na kama kuna wenye sapu, yaani mitihani ya marudio, baada ya hao pia. Haya yanajulikana na sitaki kuyalilia hapa, maana kila mwalimu wa muda wa kozi yoyote anayapitia.

Kinachoniuma ni cha kwetu peke yetu. Fildi ya wanafunzi, yaani mafunzo kwa vitendo maofisini, iko likizo ndefu, Julai mpaka Septemba. Barua yangu inaisha semista ya pili inapoisha. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anapoingia ofisi ya ustawi ya Kigamboni au Ubungo, pale ambapo kazi yenyewe hasa inafundishika, mwalimu aliyemfundisha namna ya kuhoji na kuandika hayupo tena kwenye vitabu vya chuo. Anayekwenda kumtembelea ni mhadhiri yeyote aliyepangiwa eneo hilo. Nimeona wanafunzi wa ustawi wakikaguliwa na mtu wa uchumi na mtu wa utawala wa biashara, watu wazima wenye heshima zao, ambao hawajawahi kufungua faili la mteja. Anafika, anauliza kama mwanafunzi anawahi kazini, anaangalia kama daftari la fildi limegongwa muhuri, anajaza fomu, anaondoka. Mwanafunzi wiki zote hizo anapanga mafaili, anatumwa maji ya kunywa, na pengine anashuhudia mteja akifokewa na kuamini kwamba ndivyo inavyofanyika. Hakuna wa kumwambia.

Nikiuliza kwenye vikao, jibu ni lilelile: "Madam, fildi ni kukagua tu." Hapo naona imani ya kwamba kazi hii ni wema wa kawaida imeshapanda mpaka kwenye bajeti. Anayeamini kuwa hakuna utaalamu haoni kwa nini alipie mtaalamu asimamie.

Na darasani penyewe hali si ya mihadhara. Stadi za mahojiano huwezi kuzifundisha kwa maiki kwenye ukumbi wa watu mia na kitu, ingawa ndivyo ratiba inavyotaka. Nawagawa watatu watatu: mmoja afisa, mmoja mteja, wa tatu anaangalia na kuandika. Dakika mbili hazijaisha utasikia, "Mama, inabidi uvumilie." Kila kundi. Tumelelewa na neno hilo. Lipo kwenye kitchen pati, lipo kwenye hotuba za harusi, na kijana wa miaka 21 analitoa bila hata kujua kwamba ameshatoa uamuzi. Upande wa pili wapo wanaharakati wangu, ambao kwa mama aliyepigwa wanasema aondoke leo hii. Pande zote mbili hazijamuuliza chumba wanachoishi kimepangwa kwa jina la nani, watoto watalala wapi, nguo na vyeti viko wapi, PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ameichukua au bado. Nawazuia kushauri kabisa kwa wiki kadhaa. Ruhusa ni kuuliza na kunyamaza. Wanaichukia sana awamu hiyo, na nikikutana na waliomaliza ndiyo wanayoikumbuka.

Kuna na hili la kusuluhisha kila kitu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Wanafunzi wanalichukua hilo wanalitandaza mpaka kwenye vipigo. Hapana. Mwenye jicho lililovimba anapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi, anapelekwa hospitali. Huwezi kumketisha na aliyempiga mkaanza kutafuta muafaka kana kwamba wamegombania kiwanja. Mwalimu ambaye hajawahi kukaa kwenye chumba hicho hajui kwamba mwanamke ataitikia kila kitu mbele ya mumewe na hatarudi tena ofisini.

Lakini yapo ambayo hata mimi siyawezi, na vitabu vyetu vinayapita kimyakimya.

La kwanza ni usiri. Tunafundisha kanuni saba za Biestek za uhusiano na mteja, za mwaka 1957, na usiri ni mojawapo. Nenda Tandale au Manzese ukaifanyie kazi. Nyumba hujui ilipo, kwa hiyo unapitia kwa mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, naye anakusindikiza. Ukifika, mtaa mzima umeshajua ofisi imekuja kwa mama fulani. Mnakaa uani kwa sababu chumba ni kimoja na kina mgonjwa. Wapangaji wengine wanachambua mchele hatua tatu kutoka hapo na hakuna anayeona vibaya, kwani wao ndio waliomlisha mteja wako mwezi mzima. Ukiwafukuza umemvunjia heshima yeye. Nawaambia wanafunzi waache gari la halmashauri mbali, wavue kitambulisho, yale mazito wayaahirishe mpaka mteja aje ofisini. Mteja asiye na nauli ya kuja ofisini sina jibu lake.

La pili ni umri. Mwanafunzi wangu anamwamkia mteja shikamoo, anajibiwa marahaba mwanangu, halafu anatakiwa amuulize mzee huyo kwa nini hapeleki matunzo. Mzee anamtazama: "Wewe umeolewa? Una watoto?" Vitabu vilivyoandikwa kwingine vinasema mrudishe mteja kwenye mada. Ukijaribu hapa unaonekana umekosa adabu na mazungumzo yamekwisha. Wazuri zaidi niliowafundisha wanaipokea nafasi ya mtoto: "Baba, mimi ni mwanao, nisaidie nielewe." Inafanya kazi sana. Wasiwasi wangu ni kwamba binti aliyejiweka kuwa mtoto wa mtu atashindwa, wiki mbili baadaye, kuandika kwamba mtu huyo anadanganya. Sijaamua kama niifundishe au niiache waigundue wenyewe.

La tatu linatuhusu walimu. Kuajiriwa moja kwa moja kama mhadhiri msaidizi kwenye vyuo vikuu vingi kunadai GPA, yaani wastani wa alama kati ya 5, ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Mtu aliyekaa mahakama ya watoto miaka mingi akiwa na 3.4 hataajiriwa, atapewa barua ya semista, na mwenye 4.2 ambaye hajawahi kukaa na mteja atapewa ofisi. Mara nyingine naliona jambo hili ni uonevu mtupu. Mara nyingine nakumbuka maafisa wazoefu niliowasikia wakifundisha visa vyao tu, kisa baada ya kisa, bila kumpa mwanafunzi njia ya kufikiri kuhusu kisa ambacho hawajakutana nacho, na nakubali kwamba uzoefu peke yake hautoshi.

Kwa hiyo, wewe uliyeandika wiki iliyopita: omba. Sosholojia yako itakufaa kwenye somo la sera na la utafiti, na huko utafundisha vizuri kuliko mimi. Somo la mahojiano na la kazi na mtu mmoja mmoja usiyakubali mpaka umekaa ofisi ya ustawi ya manispaa kwa muda, umesoma mafaili, umemsindikiza afisa mtaani na kumwona anavyokosea na anavyopatia. Ofisi nyingi zitakupokea, zina uhaba wa watu.

Ukipewa barua, isome sehemu ya saa. Kama usimamizi wa fildi haumo, uliza kwa maandishi nani atawasimamia hao wanafunzi Julai. Mimi nimeuliza semista hii: nimeomba saa za usimamizi ziandikwe kwenye mkataba na tarehe ya mwisho isogezwe hadi Septemba. Mkuu wa idara amelipeleka ombi kwenye kamati, na nimewaomba walimu wenzangu wawili wa muda nao waandike la kwao kabla kamati haijakaa.