Kabla Hujamwita Mtoto Nakku: Dhana Potofu Kuhusu Majina ya Kale Uganda

Wako wazazi vijana Kampala na Jinja waliochoshwa na majina ya tamthilia, na sasa wanarudi kwa babu na bibi: Damali, Erisa, Mukasa, Akello, Abwoli. Nawaunga mkono kabisa. Kinachoniudhi ni maelezo yanayosambazwa pamoja na majina hayo. Mengine yanamfanya mtu ajitwalie jina lisilo lake, mengine yanamfanya akimbie jina zuri bila sababu.

"Jina la kale ni la yeyote anayelipenda"

Kwa Baganda si hivyo. Majina yao mengi ni mali ya ukoo, na koo zinazidi 50, kila moja na mwiko wake wa mnyama, samaki au mmea. Ukisema Walusimbi umemtaja mkuu wa ukoo wa Ffumbe, yaani fungo. Nakku nalo ni la hukohuko. Masimulizi yanasema binti Walusimbi wa jina hilo aliolewa na Kintu, mfalme wa kwanza wa Buganda. Sasa mzazi wa ukoo mwingine, tuseme Nkima (tumbili), anampa bintiye jina la Nakku kwa kuwa ni fupi na linaimbika. Hakuna polisi atakayekuja, lakini siku ya posa wazee watahoji, maana jina ndilo lililowaonya vijana kwamba ni ndugu na hawaoani.

Hapohapo linaanguka wazo jingine, kwamba mtoto sharti abebe jina la baba. Zamani babu au mkubwa wa ukoo alichagua katika hazina ya ukoo, hivyo watoto watano wa baba mmoja waliweza kuwa na majina matano, na lisiwemo hata moja la baba. Kurithi jina la baba kulikuja na kanisa, shule na ofisi za serikali.

Yapo majina yasiyofungwa na ukoo, na mashuhuri kuliko yote ni ya mapacha. Tanzania wana Kurwa na Doto. Buganda kuna Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana. Kato ni aliyetoka wa pili. Akitangulia msichana, yeye ni Babirye na nduguye wa kiume ni Kato. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Kizza, kisha Kamya. Waacholi na Walango wana Opio na Ocen, Apio na Acen, na anayewafuata ni Okello au Akello. Leo wapo waliorithi majina haya kwa mjomba au shangazi tu, lakini ukimwita mzaliwa wako wa kwanza Kizza, jiandae kuulizwa mapacha wako wapi, na pengine kuitwa Ssalongo, yaani baba wa mapacha, kwa kazi ambayo hukuifanya.

"Mukasa, Kiwanuka na Ojok ni majina ya mashetani"

Hili huhubiriwa, tena kwa sauti kubwa. Ni kweli Mukasa alikuwa lubaale, yaani mungu wa jadi wa Baganda, wa ziwa, Kiwanuka wa radi, Musoke wa upinde wa mvua, Kibuuka wa vita. Lakini soma orodha ya mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964: Yozefu Mukasa Balikuddembe, Achileo Kiwanuka, Gyaviira Musoke, Ambrozio Kibuuka. Walibatizwa wakabaki na majina yao. Kama hao waliokufa kwa ajili ya imani hawakuona ugomvi, sioni mhubiri wa leo anapata wapi wasiwasi. Ojok na Ajok, majina ya Waluo wa kaskazini, hupewa mtoto aliyezaliwa na jambo lisilo la kawaida, kwa mfano vidole sita. Hapo jok ni nguvu ya kiroho iliyohusika, si laana.

"Jina la huzuni humvutia mtoto mikosi"

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Drajoa kwa Walugbara ni kifo nyumbani. Candiru ni mateso. Ocan na Acan kwa Waacholi ni umaskini, na Komakech ni mtu asiye na bahati. Mtu akisikia maana hizo hukimbilia kubadilisha jina, kana kwamba bibi yake alimlaani akiwa mchanga.

Lakini tazama nani aliyekuwa akitoa jina. Kwa Walugbara mara nyingi alikuwa mama, mwanamke aliyeolewa mbali na kwao, asiye na kikao cha kusemea. Jina la mtoto lilikuwa nafasi yake ya kusema: hapa nimefiwa, hapa sipendwi, hapa tumelala njaa. Wakwe wakawa wanayatamka malalamiko hayo kila siku wakimwita mtoto aje kula! Kule Bunyoro, John Beattie, aliyefanya utafiti wa kianthropolojia miaka ya 1950, alikuta vivyo hivyo: majina mengi yakizungumzia kifo, umaskini na chuki za majirani. Habari ni ya wazazi na mazingira yao, si utabiri wa maisha ya mtoto. Mimi nayahesabu kuwa kumbukumbu za familia ambazo hakuna karani aliyeziandika, na ningeyaacha yalivyo.

"Damali ni la Kiganda, Kizito ni la Kizungu"

Ni kinyume. Damali ni Damaris, mwanamke wa Athens katika Matendo 17:34. Katika Kiganda r huandikwa baada ya e na i, kwingineko ni l. Ndiyo sababu Damaris akawa Damali, na Joel akawa Yoweri. Apolo, jina la Apolo Kaggwa aliyekuwa Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, halikuchukuliwa kwa mungu wa Wagiriki bali kwa Apolo, Myahudi wa Aleksandria wa Matendo 18:24, ingawa jina la Myahudi huyo lenyewe lina asili kwa mungu yuleyule. Kizito ndilo la Kiganda halisi, la kijana wa kasri aliyechomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na kutoka kwake likasambaa hadi nje ya Afrika.

Na lipo lililozaliwa jeshini. Museveni linatokana na Abaseveni, askari wa Uganda waliotumikia kikosi cha saba cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni.

"Likianza na A ni la kike"

Kwa Waacholi, Walango na Wateso sheria hiyo inafanya kazi vizuri. Ukivuka kwenda Tooro au Bunyoro inavunjika mara moja, maana mwanamume mzima mwenye ndevu ataitwa Amooti, Araali au Adyeeri. Hizo ni empaako, majina ya heshima na mapenzi yanayoongezwa juu ya jina la kawaida, nayo hayafuati ukoo. Usitafute maana zake katika Kitooro. Asili yake inafuatiliwa hadi kwa Waluo. UNESCO iliuweka utamaduni huu mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa hiyo mzazi anayempa mtoto empaako anafanya kazi ya maana. Ziko 12. Chagua katika 11. Okaali ni ya Omukama, yaani mfalme, peke yake.