Je, wajua? Damu hasi ya mama humwacha mtoto wa kwanza, ikamsumbua wa pili

Mjamzito akienda kliniki kwa mara ya kwanza, kundi la damu ni miongoni mwa vipimo vya mwanzo. Majibu huandikwa kwenye kadi: A+, O+, B-. Wengi hushika herufi tu. Kwa mama mtarajiwa, chenye uzito zaidi ni kile kialama cha kujumlisha au kutoa.

Herufi zilitokana na kazi ya Karl Landsteiner, aliyegundua makundi ya damu mwaka 1901 huko Vienna. Alama ya pili inahusu protini iitwayo D, inayokaa juu ya chembe nyekundu za damu, ya mfumo wa makundi ya damu uitwao Rh uliotambuliwa mwaka 1940. Ukiwa nayo u chanya, ukiikosa u hasi. Kuipima hakuna maajabu: mtaalamu wa maabara huweka matone matatu ya damu yako kwenye kigae cheupe, kisha juu yake kitendanishi, yaani dawa ya kupimia: cha bluu, cha manjano na kisicho na rangi. Tone lililowekewa kile kisicho na rangi ndilo la kupima D. Damu ikigandamana vipande vipande kama maziwa yaliyokatika, D ipo. Ikibaki laini, wewe ni hasi. Afrika Mashariki watu hasi hawafiki 1 kati ya 10. Ulaya ni kama 15 katika kila 100.

Sasa chukua mama hasi aliyebeba mtoto chanya, aliyerithi D kwa baba. Miezi yote tisa, damu zao kwa kawaida hazichanganyiki. Kondo la nyuma hupitisha chakula na hewa, chembe zikabaki kila moja upande wake. Shida huingia siku ya kujifungua. Kondo likibanduka, damu kidogo ya mtoto hupenya kwenye mishipa ya mama. Mwili wake, usioijua D, huiona ni adui na kuanza kutengeneza kingamwili. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na mtoto keshatoka, ananyonya zake, hana habari.

Ila mwili hausahau. Ikija mimba nyingine ya mtoto chanya, kingamwili zinatengenezwa upesi, tena za aina ndogo inayovuka kondo, na kuanza kuvunja chembe nyekundu za mtoto. Huishiwa damu, pengine akavimba maji na kufia tumboni. Akizaliwa hai, macho na ngozi hugeuka manjano, na manjano yakizidi huharibu ubongo. Si ajabu, mama aliyezaa mmoja mzima kisha akapoteza wanaofuata, majirani wakaanza kutafuta mkono wa mtu.

Kinga ipo tangu mwaka 1968: sindano ya anti-D. Huziondoa chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujazitambua. Hutolewa kwenye wiki ya 28 hivi, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ni chanya. Mimba ikiharibika, ikitunga nje ya kizazi, au mama akianguka na kuumia tumbo, aulizie sindano hiyo pia. Hapa ndipo wengi hupitwa, kwa kudhani mimba iliyotoka haina deni. Kingamwili zikishaundwa, sindano haizifuti tena. Kilichobaki ni kumfuatilia mtoto kwa karibu, wakati mwingine hata kumwongezea damu akiwa bado tumboni.

Dawa yenyewe hutengenezwa kutokana na damu ya watu wenye kingamwili hizo. James Harrison wa Australia alichangia mara 1,173 kabla ya kustaafu mwaka 2018.

Usidhani kujua kundi lako kunakuepusha na kupimwa upya. Ukihitaji kuongezewa damu, hospitali haitaamini kadi wala mdomo wako. Itapima na kulinganisha upya, na inafanya vizuri. Faida kwa mtu hasi ni kutafuta wachangiaji mapema, maana damu yake ni adimu.

Na baba naye apimwe. Kama wote wawili ni hasi, mtoto wao atakuwa hasi, na sindano haihitajiki.