Pedi za breki za barabarani na za saketi: uliza joto kwanza

Watu wanaoanza kupeleka magari yao saketini, yaani kwenye viwanja vya mbio za magari, huniuliza pedi ipi ya breki ni bora, nami huwajibu kwa swali jingine: breki zako hufika joto gani? Wengi hawajui, na huwezi kuwalaumu, maana dashibodi ina mshale wa joto la injini lakini haina wa breki. Ila bila jibu hilo, kununua pedi ni kubahatisha. Kila pedi imetengenezwa kwa ajili ya eneo fulani la joto. Ndani ya eneo hilo inashika vizuri na kwa namna ileile kila unapokanyaga. Chini yake inaweza kuwa butu. Juu yake inaungua.

Tupige hesabu kidogo. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na nishati ya gari hupanda kwa mraba wa mwendo wake: mwendo ukiwa mara mbili, nishati huwa mara nne. Gari la kilo 1,500 likisimama kabisa kutoka kilomita 100 kwa saa, breki humeza takriban kilojuli 580. Gari hilohilo likishuka kutoka 200 hadi 100 mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, breki humeza kama kilojuli 1,740, mara tatu ya zile za kwanza, na gari bado linakimbia. Barabarani, kusimama kwa nguvu namna hiyo hutokea mara chache, na baada yake breki hupata muda wa kupoa. Saketini inarudiwa kona baada ya kona. Kila breki huanza na joto iliyoachiwa na breki iliyotangulia, na diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, huendelea kupanda joto mpaka joto linaloingia lilingane na lile linaloondolewa na upepo. Ndiyo maana diski ambayo mjini haifiki nyuzi 200 za Selsiasi inaweza kuvuka nyuzi 500 au 600 mchana huohuo saketini, tena kwenye gari ambalo si la mashindano. Za mbele ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu gari linapoinamia mbele uzito huhamia huko.

Pedi yenyewe ni mchanganyiko wa nyuzinyuzi, unga wa metali, grafiti na chembe ngumu za kusugua, vyote vikiwa vimeshikanishwa kwa gundi ya jamii ya fenoli, vikagandamizwa na kuokwa juu ya bamba la chuma. Za ogani, yaani zenye metali kidogo au zisizo nayo, ni tulivu na laini kwa diski, lakini hazipendi joto kali. Nusu-metali huvumilia zaidi. Za seramiki zinazouzwa kwa ajili ya barabarani zimetengenezwa ili zisipige kelele na zisitoe vumbi jingi. Anayezinunua akidhani ni ndugu wa diski za kaboni-seramiki za magari ya kifahari amepotea njia. Halafu kuna za mashindano, ambazo baadhi yake ni za sinta, yaani unga wa metali uliobanwa na kupashwa moto mpaka ukashikamana wenyewe. Mimi sichagui kwa aina hizi. Kampuni mbili zinaweza kuandika "nusu-metali" kwenye boksi na ndani mkawa na vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Ninachotafuta ni mchoro wa msuguano dhidi ya joto, ambao watengenezaji makini huutoa: unaanzia wapi, unapanda vipi, na unaporomoka kwenye nyuzi ngapi.

Kuna wanaosoma herufi mbili zilizopigwa chapa ubavuni mwa pedi, kama FF au GG, na kuamini wameshapata jibu. Herufi hizo ni za mfumo wa SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Ya kwanza hueleza msuguano wa kawaida, ya pili msuguano wa moto: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F kati ya 0.35 na 0.45, G kati ya 0.45 na 0.55. Si bure, zinafaa kuchuja pedi za ovyo. Tatizo ni kwamba jaribio hufanywa kwa kipande kidogo cha pedi maabarani, na sehemu yake ya "moto" huishia karibu nyuzi 340. Kwa gari la saketi, hapo ndipo kazi inaanza. Pedi mbili zenye GG zinaweza kuwa sawa kwa nyuzi 300, na zikifika 600 moja ikawa bado inashika na nyingine imeshageuka makaa.

Hata namba kubwa ya msuguano yenyewe hutukuzwa kupita kiasi. Kama breki zako za sasa zinaweza kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) kwenye lami kavu, basi kinachopanga umbali wa kusimama ni tairi. Pedi kali zaidi itakufanya ukanyage kwa nguvu ndogo, lakini gari halitasimama karibu zaidi hata kwa mita moja. Faida ya pedi nzuri utaiona kwenye kusimama kwa kumi na tano, pale ya kawaida inapokuwa imelegea na yako bado inajibu vilevile.

Kuhusu kulegea huko, kuna aina mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha kabla fundi hajagusa kitu. Ukikanyaga na pedali ikawa ngumu kama kawaida lakini gari halipungui mwendo, pedi imepita eneo lake: gundi inaungua, gesi inatoka, na msuguano umeanguka. Pedi mpya ambazo hazijazoeshwa, yaani kupashwa moto kwa hatua, hufanya hivyo mapema sana, kwa sababu gundi yake bado haijaiva. Lakini pedali ikizama kama sponji, hata kufika chini, usiilaumu pedi. Mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa, kifaa chenye pistoni zinazobana pedi kwenye diski, na mvuke, tofauti na kimiminika, hubonyea.

Hapo ndipo kamba hukatikia. Mafuta ya breki hupangwa kwa madaraja ya DOT. Ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishafyonza unyevu kwa kiwango kinachotumika kwenye kipimo, kiasi cha asilimia 3.7 ya maji, kinachodaiwa ni nyuzi 155 tu. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta haya hufyonza unyevu yenyewe, taratibu, hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo mtu anayefunga pedi za mashindano juu ya mafuta ya miaka mitatu amejitengenezea hatari kubwa kuliko aliyokuwa nayo, maana pedi sasa zinamruhusu kupandisha joto ambalo mafuta hayawezi kulibeba. Kama una nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu kabla ya siku yako ya kwanza saketini, badilisha mafuta. (Na DOT 5 tupu, si 5.1, ni ya silikoni. Usiichanganye na hizi nyingine.)

Upande wa baridi nao una shida zake, ingawa watu hawauongelei. Pedi hushika kwa njia mbili: kwa kuikwaruza diski, na kwa kung'ang'ania tabaka jembamba la malighafi yake yenyewe ililolipaka juu ya diski. Pedi nyingi za mashindano zikiwa baridi hubaki kwenye njia ya kwanza, zikiisugua diski kama msasa. Diski inaliwa. Vumbi la chuma linaganda kwenye rimu, na likipata maji linaota kutu na kuharibu rangi. Kelele husikika kutoka mtaa wa pili. Zote hizo unaweza kuzivumilia. Ambalo mimi silikubali ni breki ya kwanza ya asubuhi, mtu akikatiza mbele yako na pedi ikahitaji sekunde ya kupata moto kwanza. Zipo za kisasa zinazoshika vyema hata zikiwa baridi, ila nazo hula diski. Zaidi ya hayo, kwenye nchi zinazofuata kanuni ya R90 ya Umoja wa Mataifa, pedi mbadala lazima zifanye kazi ndani ya asilimia 15 ya zile za asili, na pedi nyingi za mashindano hazina muhuri huo. Hazitakiwi barabarani.

Sasa unalijuaje joto lako? Njia ninayoipenda ni rangi za joto zinazopakwa ukingoni mwa diski. Seti ya kawaida ina rangi tatu zinazobadilika kwenye nyuzi 430, 560 na 610. Unapaka, unaendesha, unarudi na kusoma. Kipimo cha miale kinachoelekezwa kwenye diski ukiwa umeshasimama hukudanganya kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mzunguko wa mwisho unaoendesha taratibu ili kupoza gari umeshaiba nyuzi nyingi. Rangi hukumbuka kilele. Ikiwa zote tatu zimebadilika, usikimbilie pedi kali zaidi. Fikiria kwanza njia ya kupeleka hewa kwenye diski, kwani joto ambalo pedi mpya italivumilia bado litaenda kwenye mpira wa pistoni, grisi ya beringi na diski yenyewe.

Majibu yangu basi huwa hivi. Anayeanza, mwenye gari la kawaida na tairi za barabarani, akae na pedi nzuri za barabarani zilizo nzima, aweke mafuta mapya, na aendeshe vipindi vifupi. Hatafika mwisho wa pedi hizo haraka anavyodhani, na zikianza kuchoka atahisi na kupunguza. Anayeenda saketini mara kwa mara kwa gari hilohilo linalomrudisha nyumbani ndiye wa pedi za kati, mfano Ferodo DS2500, ambazo zinashika zikiwa baridi na bado zinavumilia joto la kutosha. Zitapiga kelele kidogo na zitachafua rimu. Lakini akishafunga tairi laini za mashindano, au gari likiwa zito na lenye nguvu nyingi, pedi ya kati inageuka mtego: asubuhi inamridhisha, alasiri inamwacha. Huyo anahitaji seti mbili, moja ya barabarani na moja ya saketi, na kubadilisha ni kazi ya muda mfupi kwenye kalipa nyingi.

Kati ya pedi mbili zinazovumilia joto sawa, mimi nachagua ile inayoachia vizuri. Madereva wengi husifia jinsi pedi inavyouma mara tu unapogusa, na ni kweli raha yake ipo, lakini dereva anayeingia kona huku akipunguza mguu polepole anahitaji pedi inayopungua pamoja na mguu wake. Pedi inayoendelea kushika baada ya mguu kupungua humnyima dereva hesabu ya uzito ulioko kwenye tairi za mbele, na gari huwa na wasiwasi pale ambapo linatakiwa kutulia.

Seti mbili zina usumbufu mmoja: tabaka. Malighafi ya pedi ya kwanza imebaki kwenye diski, na ya pili inaweza isielewane nayo. Utaona mtetemo au breki yenye mabaka. Dawa ni kuwa na diski za kila seti, au kuchagua pedi za mtengenezaji mmoja alizosema zinapatana, au kuzoesha upya kila unapobadilisha. Kuzoesha ni kupunguza mwendo mara kadhaa kwa nguvu ya wastani, kisha kwa nguvu zaidi, ukilipandisha joto kwa hatua, halafu kuendesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Fuata maelekezo ya mtengenezaji, kwani ya pedi za sinta na ya pedi za ogani si sawa. Kosa baya ni kusimama na kuendelea kukanyaga pedali diski ikiwa inafuka: pedi inaacha alama yake hapohapo. Usukani unaotetemeka baadaye fundi atakuambia diski imepinda, nawe utanunua mpya, wakati mara nyingi ni tabaka lisilo sawa tu. Hata hivyo ukiliacha bila kulishughulikia, sehemu nene hupata moto zaidi, na chuma chini yake kinaweza kubadilika kikawa kigumu kwa doa. Hapo diski ndiyo basi.

Usibadilishe mbele pekee bila kufikiria nyuma. Pedi kali mbele na za kawaida nyuma huhamishia kazi mbele, na tairi za mbele zinazidiwa mapema wakati za nyuma bado zina nafasi. Gari linabaki salama lakini linasimama mbali zaidi kuliko linavyoweza. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kali nyuma, na mgongo wa gari unaweza kukutangulia kwenye kona. Mimi hubadilisha pande zote kwa pedi za aina moja, isipokuwa kuna sababu niliyoipima.

Unene nao saketini huhesabika zaidi kuliko barabarani, kwa kuwa pedi ndiyo kinga kati ya diski yenye moto na mafuta yaliyo nyuma ya pistoni. Iliyoliwa hadi ikabaki robo bado inasimamisha gari, lakini inapitisha joto kwa urahisi zaidi. Siendi saketini na pedi iliyo chini ya nusu. Na usiikague kwa kuchungulia kupitia rimu, kwa sababu hapo unaona ya nje tu. Kwenye kalipa zinazoteleza, ya ndani iliyo upande wa pistoni mara nyingi ndiyo huisha kwanza, tena kwa mshazari, ncha moja nyembamba kuliko nyingine. Vua tairi, zitoe zote, uzipime pande zote mbili.